Nchi kavu kwa wiki tatu: Burundi na Rwanda, au Malawi na kaskazini ya Msumbiji?

Mwalimu wa Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi na mdogo wangu tunakusudia kusafiri katika likizo ya katikati ya mwaka kwa mabasi, treni na vyombo vya majini tu, bila ya kukodi gari wala kupanda ndege. Safari za Dubai na Muscat zimekwishasimuliwa vya kutosha. Sisi tunataka kuwaona majirani ambao Wazanzibari wachache huwatembelea. Tumebakiwa na njia mbili. Ya magharibi inapita Dodoma na Kigoma, kisha Burundi na Rwanda. Ya kusini inapita Mbeya, inaifuata Malawi kando ya ziwa, inaingia kaskazini ya Msumbiji hadi Kisiwa cha Msumbiji, na kurudi nyumbani kupitia Mtwara. Tunazo wiki tatu. Naomba ulinganisho kwa waliokwishapita, hasa kuhusu mipaka na usafiri wenyewe.

Mtoto wa Kikwajuni

Waalaykumu salaam, maalim. Njia ya magharibi ndiyo nyepesi kuianza, kwa sababu treni ya reli mpya inafika Dodoma tangu mwaka 2024, na kutoka hapo unaweza kupanda basi au kuifuata reli ya zamani, ile iliyofikishwa Kigoma mwaka 1914. Ukishaiona Ujiji, panda gari ya Manyovu, vuka mpaka, ushuke hadi Nyanza-Lac, kisha uelekee Rumonge na Bujumbura huku Ziwa Tanganyika likiwa mkono wako wa kushoto. Mjini Bujumbura fikia karibu na Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, ambako Mzanzibari hahitaji mkalimani wala hatafuti chakula cha halali kwa taabu.

Ugumu unaanza ukitaka kuendelea Rwanda. Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari 2024, hivyo ulizeni hali yake kabla ya kuondoka. Ukiwa umefungwa, itabidi mrudi Tanzania kwa Kobero na Kabanga, mpite Ngara na Benako, halafu mvukie Rusumo kuelekea Kigali. Jambo hilo linawezekana kwa magari ya abiria, ila lina kupandapanda kwingi. Zaidi ya hayo, Burundi imesumbuliwa na uhaba mkubwa wa mafuta kwa miaka kadhaa, na mafuta yakikosekana, msafiri asiye na gari yake ndiye anayeumia mwanzo.

Dada wa Chake

Maalim, mimi naipendelea kusini, na sababu yangu ni ziwa. Mabasi ya Mbeya yanaondoka alfajiri katika kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi, na safari ni ya zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo ulaleni Mbeya na msilazimishe kuvuka mpaka usiku. Siku ya pili chukueni gari ya Kyela, mshuke njia panda ya Kasumulu, na baada ya daraja la mto Songwe mtakuwa Malawi, ambako saa inarudi nyuma kwa saa moja. Zingatieni hilo kwa ajili ya swala na kwa ajili ya basi. Kutoka Karonga mnakwenda Mzuzu, kisha mnateremka Nkhata Bay.

Hapo ndipo penye meli ya Ilala, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951, ambayo inafika Chizumulu na Likoma. Likoma ni kisiwa cha Malawi kilicho karibu kabisa na pwani ya Msumbiji, na kanisa lake kubwa, lililoanza kujengwa mwaka 1903, ni la misheni ile ile iliyojenga kanisa la Mkunazini, mjini Unguja. Kusini zaidi mtaifikia Nkhotakota, ambako watu wa pwani walijenga makao yao ya biashara katika miaka ya 1840 chini ya watawala walioitwa Jumbe, na Uislamu umedumu huko hadi leo.

Hata hivyo, msiijenge ratiba yote juu ya Ilala, kwa kuwa imewahi kusimama kwa matengenezo kwa muda mrefu. Isitoshe, katikati ya mwaka huvuma upepo wa kusini-mashariki unaoitwa *mwera*, ndugu wa kusi letu, na mawimbi yake si ya kudharauliwa.

Mwana wa Mkoani

Kipande cha kurudi kwa Mtwara kifutwe kabisa. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lipo tangu 2010, lakini upande wa pili ni mkoa wa Cabo Delgado, wenye mapigano tangu Oktoba 2017, na abiria wa gari la umma hana uwezo wa kuchagua barabara wala saa ya kupita.

Kisiwa cha Msumbiji chenyewe kinafikika kutokea Malawi: mnavuka Chiponde hadi Mandimba, mnakwenda Cuamba, mnapanda treni ya Nampula, kisha mnamalizia kwa *chapa*, yaani kidaladala chao. Nampenda sana mwenye nia ya kufika huko, kwani ni mji wa mawe unaotuhusu. Wanawake wake hujipaka *mussiro* usoni kama wetu wanavyojipaka liwa. Lakini treni ile haisafiri kila siku, na njia ya kurudi salama ni ile ile mliyoijia. Wiki tatu zitaishia barabarani.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana. Je, kuna namna ya kuishika kusini bila ya kurudia njia moja?

Dada wa Chake

Ipo, nayo ni Zambia. Kutoka Lilongwe kuna magari ya Mchinji; mkishavuka mnafika Chipata, na hapo mnapata basi la Lusaka. Kaskazini ya Lusaka ni Kapiri Mposhi, inakoishia reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam. Treni hiyo inachelewa, na huduma yake ya abiria imewahi kusitishwa, kwa hiyo ulizeni stesheni mkiwa bado Dar. Ikiwa haipo, mabasi ya Nakonde na Tunduma yatawarudisha. Kwa maoni yangu hii ndiyo safari yenu, na Msumbiji iwekewe likizo nyingine.

Mtoto wa Kikwajuni

Kwa wiki tatu nakubaliana na dada. Mwenye siku chache zaidi bado ningemwambia aende Kigoma na Bujumbura, arudi.

Mwana wa Mkoani

Maalim, Mtanzania haombi viza kuingia Malawi wala Zambia kwa matembezi ya muda mfupi, lakini kitambulisho cha Mzanzibari hakitoshi. Kila mmoja awe na pasipoti yake na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwacha ya Malawi na ya Zambia ni fedha mbili tofauti zenye jina moja, basi imalizeni ya Malawi kabla ya Mchinji, na mhesabu noti wenyewe mkiwa mmekaa ndani ya duka la kubadilishia fedha, si dirishani kwa basi. Chukueni na masweta, kwa sababu Mbeya na Tukuyu mwezi wa Juni kuna baridi ambayo Pemba hatuijui.