Naomba ushauri: niendeshe vipi shafti mbili, moja inasogezwa?

Fremu_Tayari: Wakuu, nimekwama. Nina shafti mbili sambamba. Moja imetulia, nyingine inasogea kwenye reli mpaka milimita 40. Mota ni moja. Gia, cheni au mkanda? Wiki ya pili hii silali vizuri, na fremu nimeshachomelea.

MamaGrisi: Cheni. Shafti ikisogea 40, cheni inaweza kudai mpaka 80, kwa hiyo weka sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya kukazia upande unaolegea.

Beringi6204: Gia usithubutu, meno yanataka umbali uleule. Mimi niliwahi kuzilazimisha. Zililia kama kokoto ndani ya debe, na nilipofungua nikakuta ncha za meno zimelika, mafuta yamejaa unga wa chuma unaong'aa. Ule mlio ninao masikioni hadi leo.

MzeePatasi: Vijana mnachomelea kwanza, ushauri baadaye. Karatasi na penseli vina kosa gani?

Kinoo: Zinazunguka upande mmoja au kinyume? Hujasema.

Fremu_Tayari: Kinyume. Ni za kuponda mahindi. Ila cheni na sproketi nimeshanunua, hazirudishwi. Nikiipiga namba nane si itakubali?

MamaGrisi: Haikubali, kaka. Itajisaga pale inapopishana. Ipitishe ili ndani yake ishike sproketi ya kwanza, mgongo wake ushike ya pili. Lakini yakishikwa meno mawili tu, itaruka.

Shahidi: Ngojeni. Punje ya mahindi na milimita 40 wapi na wapi? Hii mashine ipo kweli, au tunatungiwa hadithi?

Fremu_Tayari: Ipo, ndugu yangu, nimesimama mbele yake. Ikiponda, nafasi haizidi milimita 3. Hizo 40 ni za kutoa jiwe au gunzi likikwama, na hapo mota imezimwa.

Kinoo: Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo! Gia mbili zikae kwenye boksi lisilosogea, ndizo zitakazogeuza mzunguko. Kutoka boksini kwenda shafti inayosogea, funga shafti inayorefuka yenye krosi mbili, yaani viungo vinavyopinda huku vikizunguka, kama propela ya gari. Uma zake zinazoshika krosi zielekee upande mmoja na pembe zilingane, la sivyo shafti itakwenda ikishtuka mara mbili kila mzunguko.

Fremu_Tayari: Na cheni yangu?

Kinoo: Itoke kwenye mota iingie boksini. Hapo hakuna kinachosogea.

Shahidi: Nimekuelewa sasa. Niwie radhi.

Fremu_Tayari: Nimepima. Kati ya krosi na krosi napata milimita 300. Inatosha?

MamaGrisi: Inatosha. 40 kwa 300, pembe haifiki nyuzi 8. Ila kama kuna nguzo ya fremu uliyochomelea pale boksi litakapokaa, ikate leo.