Tupeane uzoefu: mliohama hita ya umeme, mkaa na mafuta, mlihamia wapi na imelipa?

Mleta uzi, Njombe mjini

Wakuu, salaam. Wanaoijua Njombe ya mwezi wa sita hawahitaji maelezo. Asubuhi maji ya bomba yanauma hadi kwenye meno. Nyumbani tuko wanne na tunaoga kwa ile shawa ya umeme ya kufunga ukutani. Mke wangu analalamika kila siku kwamba LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, inakwenda mbio, mimi nasingizia friji.

Jumapili moja nikakaa na kalamu. Shawa yangu imeandikwa wati 4,500. Mtu akioga dakika kumi amekula robo tatu ya uniti. Watu wanne ni uniti tatu kwa siku, tisini kwa mwezi, kuoga tu, hata taa hujawasha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilitolewa kwenye ile bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Miaka yote hiyo nilidhani nimeonewa. Kumbe nilijitoa mwenyewe, nikiwa nimejifunga taulo.

Na raha yenyewe haipo. Maji yakiingia na nyuzi 14 na ukitaka yatoke na 40, wati 4,500 haziwezi zaidi ya lita mbili na nusu kwa dakika. Yanachuruzika kama ya birika la kunawia mikono.

Nataka kuhama. Wauzaji naomba mpumzike kidogo, namtaka aliyefunga kwake akakaa nayo masika yote na kipupwe chote. Ulifunga nini, ulitumia kiasi gani, ilikusumbua wapi? Karibuni.

Mwalimu, Mafinga

Mkuu, mimi nilifunga sola ya maji, tangi la lita 200 na mirija 20 ya kioo. Pamoja na paipu na fundi ilikula milioni moja na laki sita. Haya matangi ya bei ya kati hayahimili presha ya bomba, kwa hiyo simtanki la maji baridi lazima likae juu zaidi yake ili maji yashuke yenyewe. Hilo sikuambiwa dukani. Nikaongeza mnara wa mbao na siku mbili za seremala.

Lakini hadithi yangu ni nyingine. Fundi alifika, akaliangalia bati, akaona upande wa barabarani unapendeza, wapita njia wataona. Akafunga. Upande ule ni kusini. Novemba mpaka Januari maji yalikuwa yanaunguza, nikawa naalika watu waje waone. Kilipoingia kipupwe, sasa ndiyo nayahitaji, yanatoka vuguvugu ya kusuuzia vikombe. Nikalaumu mawingu, nikalaumu Wachina.

Mwaka wa pili niko darasani nafundisha mwendo wa jua. Nachora ubaoni, nawaambia watoto kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta, mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini. Kijana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa kwa nini sola yenu imelipa jua mgongo?" Darasa zima linaijua, iko barabarani.

Kuihamishia upande wa pili wa paa kulinigharimu laki moja na nusu. Juni iliyofuata nilioga nikiimba.

Kuhusu kulipa: kwangu tuko saba, kuoga tu kulikuwa kunakula uniti kama 157 kwa mwezi, na uniti ilikuwa inaniangukia shilingi 356 hivi pamoja na kodi na tozo. Zaidi ya elfu hamsini kila mwezi. Siku za mawingu mazito nawasha hita ndogo iliyomo ndani ya tangi, si nyingi. Hela yangu ilirudi mwaka wa nne, na ule wa kwanza ulipotea kwa sababu ya kusini. Kwako wewe wa watu wanne hesabia kama miaka mitano. Labda ukishuka tena chini ya uniti 75, hapo umeme wote wa nyumba unakuwa nafuu na miaka inapungua. Anayekuambia mwaka mmoja anauza.

Mama Migomba, Tukuyu

Mdogo wangu, una ng'ombe? Kama huna, ruka huu ujumbe.

Mimi nina watatu wa ndani. Mtambo wangu wa biogesi ni wa mita za ujazo 6, ule wa kuba la matofali linalofukiwa ardhini. Nilijengewa na fundi aliyepitia ule mpango wa biogesi za majumbani ulioanza 2009 chini ya CAMARTEC ya Arusha. Kila asubuhi ndoo mbili za samadi kwa ndoo mbili za maji, unakoroga, unamwaga. Gesi inapika chakula cha nyumba na kuchemsha maji ya kuoga. Kuni nanunua za msiba na harusi tu.

Sasa maudhi yake. La kwanza, wale wadudu wanaotengeneza gesi hawapendi baridi kama sisi. Juni na Julai gesi inapungua wazi wazi, usiku naishiwa maharage yakiwa bado magumu. Nimejifunza kukoroga samadi kwa maji yaliyokaa juani kutwa nzima, inasaidia kidogo. La pili, mwaka wa kwanza moto ulianza kuchezacheza na kuzimika. Nikadhani mtambo umepasuka, nikalia. Fundi alikuja akafungua koki ndogo kwenye sehemu ya paipu iliyoinama, yakatoka maji kikombe kizima, moto ukarudi. Unyevu wa gesi unajikusanya hapo, na mimi nilikuwa siambiwi! Sasa nayamwaga kila Jumamosi.

Ila ukiniuliza faida iko wapi, nitakuonyesha migomba yangu kabla sijakuonyesha jiko. Lile tope linalotoka upande wa pili halina mfano.

Kinangop Tu

Salamu kutoka Kenya, upande wa Nyandarua. Huku pia baridi si mchezo. Nina sola kama ya mwalimu, mwaka wa sita sasa.

Mvua ya mawe ilinivunjia mirija mitatu. Si hasara kubwa, unanunua mmoja mmoja unachomeka. Shida ilikuwa fundi. Alichomeka saa saba mchana, jua kali, mirija ikiwa mitupu na moto, halafu akafungulia maji baridi. Pa! Pa! Miwili mipya ikaenda papo hapo mbele ya macho yangu. Mirija mitupu ikishapigwa na jua ni moto kuliko sufuria. Jazeni alfajiri au jioni, ama mfunike na blanketi kwanza.

Na tuseme ukweli kuhusu Julai. Kuna wiki hatuoni jua kabisa, na wiki hizo sola ni pambo la paa. Ukiifunga bila hita ya akiba ndani ya tangi, utarudi kwa sufuria.

Swali la mazingira nalo: stima ya Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Kwa hiyo mimi kuacha shawa ya umeme nimeokoa mfuko wangu, hewa sidhani nimeiokoa sana. Nisijivunie.

Bati la Makete

Hapo kwenye hewa ndipo nataka kuingilia. Ndugu wa Kinangop, huku kwetu wengi hawajafika hata kwenye hiyo shawa. Joto la nyumba ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Ukitaka kuokoa miti na moshi, anzia hapo.

Nasema hivyo kwa sababu nusura tuishe. Mwaka juzi, Julai, tulilala na jiko, madirisha tumeziba kwa magunia. Mtoto mdogo akaanza kutapika, mimi kichwa kinapasuka, nikadhani malaria. Tuliokolewa na mama mkwe aliyegonga mlango saa nane usiku akitafuta kiberiti. Alipofungua tu akasema hewa ya humu imekufa. Nilijaribu kusimama, magoti yakakataa. Ile sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na mkaa ukishakolea huna hata moshi wa kukutahadharisha.

Sikuweka sola. Nilipiga siling bodi nyumba nzima, nikaziba upenyo kati ya ukuta na bati, maana joto lote lilikuwa linapanda na kutokea huko. Hiyo peke yake ilibadilisha nyumba. Kisha nikajenga jiko la matofali lenye dohani inayotoka nje, linakula vijiti vya miwati ninavyopogoa shambani kwangu, na nikivuna napanda tena. Gharama yote haifiki nusu ya sola ya mwalimu.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu wa Makete. Nimemsomea mke wangu ujumbe wako. Jiko letu la mkaa limehamia kibarazani leo leo.

Mtoto wa Bukavu, Maine

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Portland, jimbo la Maine, Marekani. Tuko wengi huku. Baridi yenu ya nyuzi 5 sisi tunavaa shati.

Nyumba nyingi za huku zinapashwa kwa mazuti, mafuta yanayofanana na dizeli. Nilinunua nyumba yenye boila chini na tangi la galoni 275. Kwa msimu mmoja nililijaza mara tatu, na bei inabadilika gari likiwa njiani. Kila galoni ukiichoma inatoa kama kilo 10 za kabonidioksaidi. Jimbo lilikuwa linahimiza pampu za joto, lilijiwekea lengo la kufunga 100,000 ifikapo 2025 na likalifikia 2023. Nami nikaingia, ruzuku ikanisaidia.

Mama yangu aliuliza kutoka Bukavu: mnatoa wapi joto kwenye theluji? Nikamwambia mama, weka mkono nyuma ya friji. Ile friji inatoa joto ndani ya nyama na kulitupa nyuma. Pampu ni friji iliyogeuzwa, inakamua joto la nje, hata nje pakiwa chini ya sifuri, inalileta sebuleni. Kwa uniti moja ya umeme unapata mbili hadi tatu za joto.

Makosa yangu ni mawili. Nilikuwa naizima usiku na kuipandisha asubuhi kama boila, ikawa inahangaika kutwa na umeme unaruka. Pampu unaiweka kwenye nyuzi 20 unaiacha, haitaki kusukumwasukumwa. Pili, walinifungia kile chombo cha nje chini karibu na udongo. Theluji ya kwanza ikakifukia. Sasa kiko juu ya stendi.

Bili ya umeme ilipofika mke wangu alisema nimeibiwa, imepanda kweli. Ilibidi nimsubirishe mpaka mwisho wa msimu nimwonyeshe tangi: tulijaza mara moja tu. Boila sijaitoa, zile siku za nyuzi 20 chini ya sifuri bado naiwasha.

Mpangaji, Ruaka, Kenya

Mimi sina la kufunga, paa ni la mwenye nyumba. Jengo letu lina sola, matunda ya zile kanuni za 2012 zilizowataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku wafunge. Niko ghorofa ya kwanza, tangi liko ya sita, paipu haijavikwa chochote. Kila asubuhi namwaga ndoo nzima ya maji baridi kabla ya moto kunifikia, na maji tunanunua ya lori. Mkijenga, wekeni bafu karibu na tangi na mvike paipu.

Mleta uzi, mrejesho

Wakuu, asanteni. Ng'ombe sina, mazuti sina. Tumekubaliana siling bodi kwanza, kisha sola ya lita 150 yenye hita ya akiba, na bafu la watoto linahamia upande wa tangi.

Jana nimemwita fundi, amesifiwa sana hapa mtaani. Kabla hajapanda ngazi nikamwomba anionyeshe kaskazini iko wapi. Akanyoosha kidole bila wasiwasi kuelekea barabara ya Songea, yaani kusini.

Natafuta fundi mwingine. Aliye Njombe na anamjua mmoja, anitumie namba PM.