Ng'ombe anachechemea, mteja naye analalamika mtindi haugandi. Naombeni ushauri

Mfugaji_Kinyerezi: Wakuu, habari za jioni. Ng'ombe wangu chotara hakanyagi mguu wa nyuma wa kulia. Umevimba juu ya kwato na unanuka mpaka jirani ameuliza kulikoni. Maziwa yameshuka toka lita 14 hadi 8. Banda ni tope tupu tangu masika ianze. Nimtibu au nimuuze? Jingine dogo: mteja wa mtindi anasema maziwa hayagandi, nadhani ni hizi mvua. Nawasilisha.

Kwato_Safi: Kwanza mkague mdomo. Akiwa na malengelenge kwenye ulimi na fizi, na udenda unamtoka, huo ni ugonjwa wa miguu na midomo: mwite ofisa mifugo, usimtoe bandani. Mdomo ukiwa safi, mwoshe mguu utazame katikati ya kucha. Uvimbe ukiwa sawa pande zote mbili na nyama ya katikati imepasuka na kuoza, ni kuoza kwato, kazi ya bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum. Anaishi tumboni mwa ng'ombe, anatoka na samadi, anapenya ngozi iliyolainishwa na tope au kuchanwa na kokoto. Uvimbe ukiwa ukucha mmoja tu, tafuta jipu chini ya soli. Hapo ni kisu cha kwato, sindano haitasaidia.

Mama_Maziwa_Goba: Mvua haizuii mtindi kuganda, kaka. Dawa ndiyo inaua kimea, yaani wale bakteria wa kugandisha. Umemchoma nini?

Mfugaji_Kinyerezi: Mdomo uko safi, katikati ya kucha ndipo palipooza. Sindano ni OTC (oksitetrasaiklini) ya asilimia 20, Jumamosi, ml 10 tu. Kidogo hivyo hakiwezi kufika kwenye maziwa. Na wateja wangu wote wanachemsha.

Mama_Maziwa_Goba: Kumbe! Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa inabaki. Soma lebo ya chupa: OTC nyingi za kukaa muda mrefu zinataka maziwa yamwagwe siku kadhaa, na zipo zisizoruhusiwa kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa. Wateja wa tangu Jumamosi waambie leo.

Dozi_Kamili: Kosa la pili ni hizo ml 10. Dozi ni mg 20 kwa kilo, yaani ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Umeharibu maziwa bila kumtibu. Na atakayekushauri jenta (gentamaisini), mkatalie: dawa hiyo huhitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, na huyu anaishi pasipo hewa. Ndiyo maana hata bandeji ya kubana hafungwi. Osha, toa nyama iliyokufa, acha kidonda wazi, msimamishe pakavu.

Pumba_na_Majani: Mnahangaika na mguu, mimi nauliza anakula nini. Wafugaji wa mjini mnajaza machicha na pumba, majani kiduchu. Tumbo linakuwa na asidi, ukuta wake unachubuka, bakteria huyo huyo anapita kwenye damu mpaka ini na kuacha majipu. Nje huoni kitu, yanaonekana machinjioni.

Binti_Maabara: Kwa binadamu naye yupo, ila kwa kawaida hatoki kwa ng'ombe, anatoka kooni mwetu wenyewe. Kijana akiumwa koo, kisha siku chache baadaye homa ya kutetemeka na maumivu upande mmoja wa shingo, msimpe azithromaisini ya dukani mkalala. Mshipa wa shingo unaweza kuganda damu na usaha ukasafiri hadi mapafuni. Daktari Mfaransa Lemierre aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936. Hospitali, haraka.

Mzee_wa_Kijiwe: Chai hii. Mwezi jana mleta uzi aliuliza bei ya vifaranga wa broila, leo ana chotara wa lita 14? Subirini, kesho ataweka namba ya kuuza unga wa kwato. Kama ng'ombe yupo, leta vipimo.

Mfugaji_Kinyerezi: Mkuu, kuku na ng'ombe haviwezi kukaa uwanja mmoja? Haya: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele sm 172, urefu toka bega hadi kitako sm 141. Nipo zizini napimia futi ya fundi cherehani.

Dozi_Kamili: 172 mara 172 mara 141, gawa kwa 10,840: uzito ni kama kilo 385. Dozi ni ml 38, sehemu nne tofauti, isizidi ml 10 kila moja. Usijazie mwenyewe juu ya ile ya Jumamosi. Daktari wa mifugo aje aamue; kuna seftiofa, antibiotiki ambayo kwa kawaida haizuii kuuza maziwa. Siku tatu bila nafuu, akague kama maambukizi yameingia kwenye kiungo.

Kwato_Safi: Mchovye kwato kwenye mrututu (kopa salfeti), nusu kilo kwa lita 10 za maji, mguu uoshwe kwanza. Mbuzi na kondoo wasiyanywe, ni sumu.

Mzee_wa_Kijiwe: Nimekubali, ng'ombe yupo. Mbona unang'ang'ania kuuza?

Mfugaji_Kinyerezi: Kuna bwana wa machinjio ya Vingunguti anamchukua Ijumaa. Ameshanipa laki tano, nimelipia ada ya mtoto. Nyama si inapikwa?

Mama_Maziwa_Goba: Nyama nayo ina siku zake, OTC hizo nyingi ni kama 28. Ijumaa haifiki. Mpigie umwambie ana sindano, asogeze tarehe au umrudishie kidogo kidogo.

Mfugaji_Kinyerezi: Akikataa?

Mzee_wa_Kijiwe: Tangaza vifaranga.