Punda wanne wamewashinda mashua saba: nifundisheje grafu za picha?

MamaYusra (Langoni, Amu)

Asalaam aleykum wana jamvi. Jioni watoto wakitoka chuoni (madrasa) huwa nakaa na wanane hapo barazani petu, wawili wangu na sita wa majirani, wote gredi ya pili na ya tatu. Wiki iliyopita nikaona niwaingize kwenye grafu za picha, zile za kuonyesha idadi kwa safu za picha. Hakuna aliyenilazimisha, nilijua tu ni mteremko, maana mtoto gani hapendi kuchora? Yaliyonikuta!

Tulishuka karibu na gati tukahesabu kwa nusu saa: mashua 7 zimetia nanga, boti za Mokowe 5, punda 4 wenye mizigo. Kila mtoto akapiga vijiti vyake daftarini, hapo hapakuwa na tabu. Tumerudi barazani nikawagawia chaki wachore sakafuni. Sasa huyo punda! Mwanangu mdogo kamchora na masikio, mkia, kwato, na magunia mawili ya saruji mgongoni. Punda wanne wakafika mlangoni. Mashua saba ni vijitanga vidogo vimebanana, hata nusu ya baraza hazikufika.

Nikauliza, kipi kingi? Wote kwa sauti moja: PUNDA. Nikasema hesabuni. Wakahesabu vizuri, saba na nne. Kisha wakanitazama kama mimi ndiye nisiyeona: "Lakini tazama punda walipofika!"

La pili ni ufunguo. Kitabu kinasema picha moja ni vitu 2. Wanaona picha 6, wanajibu 6, basi. Na nikiuliza mashua zimezidi boti kwa ngapi, naambiwa "saba". Nishikeni mkono.

mwalimu_mstaafu

Waaleykum salaam mwanangu. Hao watoto wameisoma grafu kama inavyotakiwa isomwe, kwa urefu. Chaki ndiyo iliyowadanganya.

Usianze na kuchora. Kusanya viberiti vitupu, kila mtoto kimoja, abandike juu yake karatasi yenye jina lake. Uliza jambo linalowahusu wenyewe, kwa mfano asubuhi wapenda kula nini. Piga mstari mmoja wa chaki, uandike vyakula vitatu chini yake, kila mtoto aje aweke kiberiti chake, kimoja juu ya kingine. Kiberiti hakina masikio wala magunia. Vyote sawa, vyote vinaanzia mstari mmoja, na kila mtoto anaiona sauti yake iko pale. Wakishazoea, badilisha viberiti kwa vipande vya karatasi vya saizi moja, wachore ndani ya kipande. Punda atake asitake ataingia kwenye nyumba yake. Sakafu tupu na chaki ije mwisho kabisa, na hata hapo wapigie visanduku kwanza.

Na grafu iwe na jina juu. Wengi tunasahau. Mtoto akirudi kesho yake hajui tena hao mashua ni wa siku gani na wa wapi.

Kaka_Mkubwa

Mimi naona mnawapotezea watoto muda. Gredi ya pili wakariri jedwali la kuzidisha, hizo picha watazikuta mbele.

BintiTanga

Kaka, hiyo ya "picha moja ni vitu viwili" ndiyo jedwali lenyewe hilo, limevaa nguo tu.

MamaYusra, huku kwetu tumezoea kusema takwimu kwa picha. Na huyo punda wako ana ndugu zake wa zamani. Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho la jamii na uchumi Vienna mwaka 1925, alishika kanuni moja: idadi ikiongezeka, zidisha alama, usiikuze alama. Maana ukimchora mtu mrefu mara mbili, na upana nao unakwenda mara mbili, kwa hiyo anakula nafasi mara nne, na jicho linabeba hiyo nne. Walikuwa wakiwaeleza watu wazima mambo ya nyumba na kazi na afya, si watoto. Mtindo wao baadaye ukaitwa Isotype. Kwa hiyo usiwaonee wanao, magazeti mpaka leo yanachora gunia kubwa na gunia dogo.

fundi_Matondoni

Mimi si mwalimu, nimekulia kwenye boriti za mikoko. Huko hakuna anayehesabu mti mmoja mmoja. Ni korija, na korija ni 20. Jahazi likipakua, marehemu baba alikuwa na kipande cha makaa, korija ikishuka anapiga mstari mmoja ukutani. Mistari mitano, miti mia. Ikibaki kumi anapiga kijistari kifupi, nusu korija. Sasa huo ufunguo wenu una tofauti gani na mstari wa baba?

Ila kwa wadogo ishirini ni nyingi. Tumia mtungo wa samaki, wanauona kila siku. Wakate visamaki vya karatasi, uwatungie vitano vitano kwenye uzi. Waache waufungue mtungo mmoja wahesabu, waufunge tena. Halafu tundika mitungo mitatu uulize samaki wangapi. Atakayesema watatu, mpe uzi aufungue mwenyewe. Usimwambie umekosea.

MamaWatatu_Malindi

Nakazia hapo kwa fundi. Kuhusu "kwa ngapi", dada, maneno yenyewe ndiyo yanayowachanganya. Wangu nilimwuliza: kila boti imshike mkono mashua mmoja, mashua wangapi wamekosa mwenzao? Akajibu wawili hapo hapo. Baadaye nikawa nanyoosha uzi juu ya safu fupi, kilichochungulia juu ya uzi ndicho kilichozidi. Siku ya tatu ndipo nikarudisha neno "kuzidi".

Pia waache nao waulize maswali. Wangu aliuliza grafu "nani kachoka?" Tukakaa tukaongea mambo gani grafu inaweza kutujibu na gani haiwezi. Nilipenda kuliko somo lenyewe.

MamaYusra (Langoni, Amu)

Nimerudi na habari. Viberiti vimekubali! Mahamri 5, mkate wa mofa 2, vitumbua 1. Yule wa vitumbua kujiona peke yake akachukua kiberiti chake akakihamishia kwenye mahamri. Wenzake wakamjia juu, "wewe wapenda vitumbua, wadanganya grafu!" Nikaingilia kati, kiberiti kikarudishwa, na sasa wanajua kwamba mmoja naye ni jibu.

Mitungo ndiyo iliyomaliza kazi. Nimefungua miwili tu, wa tatu hawakutaka hata niuguse, "ni kumi na tano, tushajua". Fundi, Mungu amrehemu mzee.

Sasa balaa jipya. Jana tumehesabu tena, punda 7, ufunguo ni picha moja kwa punda 2. Nikasema basi tuchore watatu na nusu. Mwanangu mdogo kagoma. "Huyo wa nusu atabebaje mzigo?" Mwenzake anauliza nusu ipi, ya mbele au ya nyuma. Tumefunga darasa bila jibu.

fundi_Matondoni

Ya mbele. Ya nyuma inapiga teke 😂

mwalimu_mstaafu

Acha punda kwenye ufunguo. Chagua kitu ambacho hukatwa nusu kila siku na hakuna anayelia: hamri moja ni punda wawili. Andika hivyo pembeni ya grafu waisome kwanza kabla hawajahesabu.

MamaYusra (Langoni, Amu)

Ahsante mwalimu. Hamri moja punda wawili. Nishawaambia, na wameshauliza kama ni ya kweli na italiwa saa ngapi.