Rufaa ipo Mahakama Kuu Kigoma, mshindi anakaza hukumu (anaanza kuitekeleza): dhamana itolewe vipi?

Mwanga Sokoni
Wakuu, nimeshindwa kesi ya dai la mawese, hukumu ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kigoma ni nilipe shilingi 60,000,000. Rufaa imeshasajiliwa, lakini dalali wa mahakama ameshafika ghalani kuorodhesha mali. Rufaa haizuii?

Wakili wa Ziwa
Haizuii, mkuu. Soma Amri ya XXXIX kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Peleka leo maombi ya kusimamisha utekelezaji pamoja na kiapo, hukumu, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu) na notisi ya kukaza hukumu. Omba pia amri ya muda ya upande mmoja, yaani inayotolewa kabla mshindi hajasikilizwa, la sivyo mnada utatangulia kusikilizwa. Mahakama inatazama hasara kubwa, kutochelewa, na dhamana, yaani uhakika kwamba mshindi atalipwa rufaa ikishindwa. Viapo vingi vinaanguka kwa kuandika tu "nitapata hasara kubwa". Taja mali ipi itauzwa, thamani yake, na kwa nini haitarudishika rufaa ikishinda. Mali ikishauzwa na mshindi akalipwa, hakuna tena cha kusimamisha.

Karani Mstaafu
Kwenye dhamana ndiko watu wanakwama. Riba baada ya hukumu ni 7% kwa mwaka kama hamkukubaliana vingine kwa maandishi, yaani 4,200,000 kila mwaka juu ya 60,000,000. Rufaa ikichukua miaka miwili, dhamana ya 60,000,000 haitoshi tena, na gharama za kesi bado. Dhamana ya benki ndiyo inayokubalika kwa urahisi, ila benki itataka fedha izuiwe kwenye akaunti au rehani, pamoja na kamisheni yake. Usikubali hati ya dhamana inayokwisha baada ya miezi 12. Iandikwe kuwa inadumu hadi rufaa itakapoamuliwa, na benki italipa kwa amri ya mahakama.

Mwanga Sokoni
Asante sana wazee. Na hati ya nyumba?

Wakili wa Ziwa
Inawezekana, ikiwa na ripoti ya mthamini na upekuzi wa msajili wa hati kuonyesha haina rehani nyingine. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, weka ridhaa ya mwenzi kwa maandishi, maana pingamizi lake ndilo linaloibuka siku ya kukamata. Kama hati ya nyumba au ya benki bado haijapatikana, toa ahadi thabiti ndani ya kiapo: dhamana gani, kiasi gani, ndani ya siku ngapi. Mahakama ya Rufani iliikubali njia hiyo kwenye kesi ya kampuni ya Mantrac, maombi namba 11 ya 2010. Siku hizo zikipita hujaweka kitu, dalali anarudi.

Karani Mstaafu
Shauri likifika Mahakama ya Rufani, kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama hiyo inatoa siku 14 tu za kuomba kusimamisha, tangu kupewa notisi ya utekelezaji au kuujua. Ukichelewa, uanze kwanza kuomba nyongeza ya muda.