Kamera ya droni: nifunge thamani za ugezi wa ofisini au niiachie programu?

Mpimaji wa Kigogo
Ndugu wapimaji, nimepiga picha sehemu tambarare ya bonde la Msimbazi kwa droni, urefu wa mita 80, kamera ikitazama chini wima katika mistari yote. Kabla ya hapo nilifanya ugezi ofisini, yaani kupima tabia za kamera na lenzi yake: nilichapa miraba ya drafti kwenye karatasi, nikaibandika ubaoni, nikaipiga picha 15 kutoka mita 1 hivi, kisha nikazifunga thamani hizo ili programu ya kutengeneza ramani isizibadilishe. Alama za ardhini (nukta nilizozipima mahali pake) za pembezoni zinakubaliana na ramani, lakini katikati ardhi imevimba kama kawa, na katika bonde la mafuriko kosa la namna hiyo linageuza mwelekeo wa maji kwenye ramani. Nimekosea wapi?

Lenzi Safi
Njia ya ubao bapa aliyoieleza mtafiti Zhengyou Zhang mwaka 2000 ni nzuri, lakini inadai ubao ulionyooka kweli, na karatasi katika unyevunyevu wetu wa Dar hujikunja upesi. Kubwa zaidi ni umbali. Lenzi ya milimita 8.8 ikirekebishwa ione vyema kitu kilicho mita 1, umbali kati yake na kihisi hufika karibu milimita 8.88, na tofauti hiyo, kwa uwiano, katika urefu wa mita 80 ni kama kosa la sentimita 70. Ulipima kamera katika hali ambayo angani haikuwa nayo.

Kipimo Kwanza
Ni kweli, ila hata akizifungua thamani zote hatapona. Picha zote zikitazama chini sambamba juu ya ardhi tambarare, programu hushindwa kutenganisha kosa la mpindo wa lenzi na mkunjo wa ardhi yenyewe, hivyo hutoa masalio madogo ya pikseli (tofauti kati ya mahali nukta ilipo pichani na programu ilipoikokotoa) huku uso ukiwa umevimba, na ndiyo maana mimi siyaamini masalio hayo peke yake. Ongeza mistari ya picha za mshazari, nyuzi 20 hadi 30, weka alama za ardhini katikati pia, ndipo uiachie programu ikokotoe.

Mpimaji wa Kigogo
Nashukuru. Picha za mshazari sina hata moja, hivyo nitarudia kuruka. Katikati nina alama mbili nilizokwisha kuzipima, niziingize zote?

Kipimo Kwanza
Ingiza moja. Ya pili iache nje ya ukokotozi, uje uilinganishe na uso utakaoupata.