Kadi inayotangaza mwanafunzi alipo: ulinzi au upelelezi?

Wakuu, hili naomba tulijadili. Mwaka 2012 wilaya ya shule ya Northside, San Antonio, Texas, iliwavisha wanafunzi wa shule zake mbili, kama 4,200 hivi, vitambulisho vyenye chipu ya redio. Usalama ulitajwa, ila kubwa ilikuwa hela. Texas hulipa shule kwa mahudhurio ya kila siku. Mtoto akiwa kantini wakati majina yanaitwa, anahesabiwa hayupo na fedha inapungua. Kadi ingethibitisha kwamba yumo ndani.

Binti mmoja akakataa. Shule ikamwambia: chipu tutaitoa, lakini kadi utaivaa. Baba yake akagoma, maana kuivaa ni kuonekana anaunga mkono. Kesi ikafika mahakamani, na Januari 2013 jaji akaipa shule ushindi. Julai mwaka huohuo wilaya yenyewe ikaachana na mpango.

Mimi nakwama hapo kwenye kadi tupu. Kama chipu haimo tena, anavishwa ya nini?

*Mchangiaji:* Mkuu, unalikuza. Kazini navaa kadi ya chipu, nagusisha mlangoni, taa ya kijani inawaka, napita. Ubaya sijauona. Mwanangu akichelewa kurudi, ningeshukuru kujua kama ameshavuka geti.

*Mleta mada:* Hofu hiyo naijua, nami nina watoto. Lakini kadi yako inanyamaza mpaka uisogeze kwenye kisomaji. Ile ya Northside ilikuwa na betri, inajitangaza yenyewe kutwa nzima, mtoto awe darasani, chooni au kwa nesi. Kwa nesi ndiko kunakoniuma. Msichana wa miaka 15 akienda huko mara tatu kwa wiki, ana jambo lake, na wa kulijua ni yule aliyemwambia kwa mdomo wake, si karani aliyekaa mbele ya kompyuta. Kule Sutter, California, mwaka 2005, shule moja ilijaribu kadi kama hizo, visomaji vikawekwa hadi vyooni. Wazazi wakapiga kelele na mradi ukafa.

Kama tatizo ni mahudhurio, mwalimu aite majina tena baada ya mapumziko. Geti nakubali: kadi ya kugusisha, pale getini tu, na rekodi ifutwe jioni. Hiyo haikutoshi?

*Mchangiaji:* Ya getini inanitosha. Kufuta jioni ndipo tunapoachana, mkuu. Mtoto asiporudi nyumbani usiku huo, polisi waanzie wapi?

*Mleta mada:* Hapo umenishika. Basi isifutwe mpaka kesho yake asubuhi, akishaonekana darasani.